Nyumba ya Vyumba Viwili Ng'ambo ya Songwe

Mbugani,
Kyela.
16 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Tusajigwe,

Niliposema kwenye simu kwamba tumenunua nyumba, nilikosea. Nilipaswa kusema tumetoa kianzio tu. Simu ikakatika kabla sijasahihisha, nami nikabaki nimeishikilia sikioni, vocha imekwisha. Yaliyobaki nayaandika, kwa sababu nataka pia uone nakala ya mkataba niliyoikunja humu ndani.

Lakini nisionekane mtu aliyelelewa bila salamu. Mugonile, shangazi? Magoti yanasemaje tangu uanze dawa mpya? Wajukuu hawajambo? Sisi huku tu wazima. Upepo wa ziwani ni mkali wiki hii, samaki wamepungua sokoni, ila nyumbani kwetu chakula kipo na kicheko kipo.

Shangazi, ndoa ni tamu, nakwambia bila aibu. Miezi miwili sasa, na bado nikisikia pikipiki inakata kona ya dukani nakimbilia mlango. Lusungu hawezi kurudi kutoka mpakani mikono mitupu. Juzi alileta nyanya mbili zilizoshikana tangu shambani, akaziweka mezani, akasema hizi ni sisi. Nimeshindwa kuzipika mpaka zimeanza kulainika. Kwa hiyo usisome barua hii ukadhani namlaumu mume wangu.

Wazo lilikuwa lake. Wenzake wa biashara ya mchele wananunua pikipiki za bodaboda. Yeye akasema pikipiki huchakaa, nyumba hupangishwa. Viwanja vya Kyela mjini hatuviwezi, lakini huko kwenu Karonga, upande wa Malawi, nyuma ya stendi, alionyeshwa nyumba ya vyumba viwili kwa bei ambayo hata sisi tungeifikia. Akiba yetu ni mpunga wa msimu huu, kilichobaki kwenye michango ya harusi, na ng'ombe mmoja aliyeuzwa na baba mkwe kutuongezea. Usiku wa kwanza alinichorea mpango juu ya mfuko wa sukari: hapa mpangaji, hapa mpangaji, baada ya miaka mitano tunaongeza chumba cha tatu. Pembeni akaandika jina langu, akaubandika ukutani. Wewe ungekataa?

Sasa kosa letu. Bibi yake Lusungu alizaliwa huko, yeye mwenyewe anavuka mto Songwe mara mbili kwa wiki, na soko zima anasalimiana nalo kwa lugha yetu. Hajawahi kujiona mgeni Karonga. Basi hakuna kati yetu aliyeuliza Mtanzania anaandikishwaje nyumba katika nchi hiyo. Muuzaji anaitwa Sylvester. Alipoulizwa habari za hati alicheka. “Sisi ni watu wamoja, bwana, katikati pana maji tu. Hati ikae kwa jina langu kwanza, mkizoea huku tutabadilisha.” Lusungu akacheka naye, na mimi nikacheka kwa kuwa Lusungu amecheka.

Jumamosi iliyopita tulivuka kwenda kuweka mkataba, sisi wawili na baba mkwe awe shahidi. Unajua familia ile ilivyoshika mila. Tangu niolewe sijaketi chumba kimoja na mzee. Akiingia kwa mbele, mimi natokea kwa nyuma, na jina lake silitamki. Wenzangu wengi mjini wameshaacha, lakini mimi nilikubali kwa moyo wote siku ya harusi. Basi wanaume walipoketi sebuleni, nilizunguka uani nikakalia ndoo iliyopinduliwa.

Uani alikuwepo mpangaji, mama mmoja anaitwa Veronika, anafua mashuka. Akanitazama, akasuuza, akanitazama tena.

“Na wewe umeletwa kuona nyumba?”

“Tunanunua,” nikasema, kwa majivuno kidogo.

“Mwezi wa nne kuna bibi harusi mwingine alikalia ndoo hiyohiyo. Wao walitoka Mbeya. Naye alisema wananunua.”

Nikamuuliza kodi anampa nani. Akasema hampi Sylvester hata senti, anamtumia dada yake Sylvester aliyeko Afrika Kusini, kwani ndiye aliyejenga.

Shangazi, nilisimama. Dirisha liko wazi, namsikia Lusungu akiuliza aweke dole gumba wapi. Mlango wa nyuma unatazamana na kiti alichokalia baba mkwe. Zilikuwa hatua tatu. Sikuzipiga. Nilimwomba Veronika aingie na jagi la maji, amnong'oneze Lusungu atoke nje mara moja. Sylvester alimzuia mlangoni. “Mama, leo hatuna kiu.” Lusungu alipotoka kunitafuta, dole lake lilikuwa jeusi kwa wino na kianzio kilikuwa mfukoni mwa mtu.

Nilimweleza kwenye bajaji tulipotoka mpakani. Tulipofika Mbugani akasema labda yule mama anaogopa tutampandishia kodi. Inawezekana, shangazi. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba inawezekana.

Jumapili baada ya ibada baba mkwe alikuja. Aliketi nje kando ya mkeka wa kokoa, akaligeuzia mgongo dirisha la jiko. Mimi nilikuwa jikoni, Lusungu amesimama katikati yetu.

“Muulize aliye jikoni, huyo mpangaji analipa kodi kwa nani.”

Nilikuwa nimesikia kila neno, lakini Lusungu akageuka na kurudia swali zima kwangu. Nikajibu. Akageuka upande wa pili ili alirudie jibu.

“Acha,” akasema mzee. “Nimempa mgongo, masikio ninayo.” Kisha akaanza kuchambua kokoa mbovu. “Muulize kwa nini hakuingia.”

Hapo Lusungu hakurudia swali. Alinitazama tu. Nikajibu, macho yangu kwenye sufuria, kwamba niliogopa kumvunjia heshima mzee wetu.

Zikatupwa kokoa mbovu tatu, nne.

“Mwambie ng'ombe yule alikuwa wangu,” akasema. “Siku nyingine aingie. Nitafunika uso mimi.” Alipoinuka kuondoka akasema niandike kwako.

Basi ninachokuomba ni hiki. Veronika utampata nyuma ya stendi, nyumba yenye mlango wa kijani karibu na mashine ya kusaga. Mwombe namba ya huyo dada, umpigie mwenyewe, wewe unayejua kuongea na wenyeji wako. Pitia pia kwa chifu wa eneo, uulize nyumba ile inajulikana ya nani. Ikiwa si ya Sylvester, tunadai kianzio chetu mbele ya chifu. Ikiwa ni yake kweli, tutakwenda kwanza ofisi ya ardhi tuulize mgeni hupewa mkataba gani, na hati haitakaa kwa jina lake hata siku moja.

Fanya haraka, tafadhali. Sylvester anapiga simu kila asubuhi. Anasema tusipomaliza malipo Ijumaa tarehe 30, tusahau kianzio, nyumba anampa mwingine. Lusungu akikata simu ananitabasamia, lakini chai inapoa mbele yake. Ule mfuko wa sukari ameutoa ukutani.

Barua hii anaileta Hellen, yule anayeuza vitenge, anavuka kesho. Jibu mpe yeye mkononi, usilitume kwa simu, maana simu yetu ni moja, na Lusungu hushinda nayo sokoni katikati ya rafiki za Sylvester.

Nisalimie Asajile na mkewe, na Bibi Marta umwambie kitambaa chake cha harusi ndicho kilichofunika meza yetu. Mungu akulinde, akupe miguu myepesi wiki hii kuliko zote. Ndaga fijo, asante sana, shangazi yangu.

Jumatano tarehe 28, kabla mwezi haujaisha, tutakuwa kwako, mimi na Lusungu na baba mkwe. Utuwekee viti vitatu sebuleni, cha mzee kitazame ukuta.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda na kukutegemea,

Tukuswiga