Mapazia Yatundikwe Leo

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Natumaini mguu umepunguza kuuma na yule ng'ombe mweusi ameacha kurusha mateke akikamuliwa. Mimi kwa mwili ni mzima. Kwa roho, Mama, wewe mwenyewe unajua ulichonifanyia wiki iliyopita, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Naandika kwa sababu kwa simu hatuwezani. Nikianza kusema, unaanza kuniombea. Nikikaza, unasema netiwaki imepotea, na mimi hapa nasikia kuku wako wakilia vizuri kabisa. Basi barua hii nimempa mama mmoja wa Mautuma anayekuja nyumbani likizo, na Violet atakusomea ukiwa umekaa. Violet, wifi yangu, usiruke hata mstari mmoja, hata pale nitakapokutaja wewe.

Huku Uingereza kazi ni ile ile ya kuwaangalia wazee wa wenyewe. Nawaosha, nawalisha, nawabadilishia mashuka. Kuna bibi mmoja mkorofi ajabu, kila asubuhi anataka chai kwenye kikombe chake cha maua, na kikombe chenyewe kina ufa. Ukimletea kingine anakirudisha bila hata kukuangalia. Mwanzoni aliniudhi sana. Siku hizi namtazama akinywa, namkumbuka mama yangu mzazi anayekunywa chai kwa kikombe cha plastiki kilichoyeyuka mdomo, na vikombe nilivyomtumia, vizuri kupita cha huyu bibi, amevilaza chini ya kitanda chake. Hapo hasira inanipanda mpaka namwaga maziwa.

Mama, unafikiri vitu vile niliviokota tu njiani? Sawa, vingine niliviokota njiani. Watu wa huku wakihama wanaachanga vitu nje ya mlango, anayetaka achukue. Kile kioo cha fremu ya mbao nilikibeba mgongoni kwenye mvua, watu wakinitazama kama mwizi. Lakini mapazia niliyatafuta. Kuna maduka ya mitumba yanayoendeshwa na watu wa makanisa, na siku yangu ya kupumzika, wenzangu wakilala, mimi nimeinama huko nikichambua masanduku. Nilipoyaona yale ya kijani yenye maua meupe, kitambaa kizito cha zamani kisichotoa rangi, tena yameshonewa bitana, niliyakumbatia palepale dukani kama mtu amepata ndugu. Yalikuwa marefu mno. Nikamwomba Wycliffe apime madirisha ya sebuleni. Huyo kaka yangu akapima la jikoni! Nikashona, nikafumua, nikashona tena, kwa mkono.

Mapipa ya vitu hivyo niliyoyatuma yalipofika nyumbani Khwisero, neno lako la kwanza lilikuwa gani? "Hivi si vitu vya watu waliokufa?" Nikakuambia sijui, labda vingine. Ukafua kila kitu kwa maji ya chumvi, ukamwita mchungaji akaombea mpaka kopo la sukari. Nikajiambia, akishamaliza kuombea, mama yangu atatumia.

Wapi! Vile viti vya mbao tulivyonunua kwa mwalimu aliyekuwa akihama Bukura, viti ambavyo fundi alivipiga msasa vikang'aa kama vipya, umevifunika vitambaa juu ya vitambaa mpaka mgeni hajui kama amekalia kiti au godoro. Wewe mwenyewe unakaa kwa stuli. Kabati la mvule la marehemu baba nilisema lipigwe msasa, lipakwe mafuta, basi, mbao yenyewe itajipamba. Wycliffe amelipaka rangi ya bluu iliyobaki kwa geti. Mvule, Mama! Nilipoona ile picha nilizima simu. Nilijua nikimpigia nitasema maneno ambayo hayasemwi kwa ndugu.

Hayo yote nilivumilia. Kilichonimaliza ni yale uliyoniambia siku ile nilipouliza mbona madirisha yako wazi.

"Mapazia yako wapi, Mama?"

"Yako salama. Nimeyaweka kwa sanduku pamoja na vikombe."

"Yanamngoja nani?"

Ukasema, bila hata kubadilisha sauti, kama mtu anayeongea habari ya mahindi: "Siku yangu ikifika, watu watakuja hapa. Sitaki wakute nyumba uchi kama walivyoikuta siku ya babako."

Haki, Mama. Ile siku ya baba nami naikumbuka. Tulitundika mashuka dirishani, moja lina tundu. Vikombe tulivyoazima kanisani havikutosha, watu wakanywa chai kwa zamu. Nami nilimsikia yule mama wa ng'ambo ya mto akisema, tena kwa sauti, "Hii nyumba hata pazia haina." Nilikuwa nimebeba sinia. Nilitamani nimmwagie. Maneno hayo yalinichoma kama yalivyokuchoma, na nilipofika huku nikaona vitu vizuri vinauzwa bei ya chumvi, nilijua nitafanya nini. Lakini niliyanunua yale mapazia ili wewe ukiamka asubuhi uyafungue. Wewe, kwa mikono yako, ukiwa na uhai. Wanaokuja kulia na kumega tonge la obusuma na kuhesabu nani hakuletewa nyama, hao sikuwafikiria hata kidogo.

Sasa wiki iliyopita. Niko jikoni kwa huyo bibi, naosha vyombo, nikafungua simu. Violet ameweka picha ya nyumba yetu. Hakuandika neno. Madirisha yote mawili yana mapazia ya kijani, na mbele ya mlango kuna meza yenye vikombe vyangu, vimeoshwa, vimepangwa.

Mama, sahani ilinitoka mkononi. Nilimpigia Violet, mteja hapatikani. Wycliffe, mteja. Yako ikaita, ikaita, hakuna wa kushika. Nikakaa chini sakafuni na maji ya sabuni mikononi, nikalia kwa sauti, kilio cha kwetu kabisa. Tayari nilikuwa nawaza nani ameenda kumwambia senje Rasoa, dada yake baba, nani atachimba kaburi, kama nitapata ruhusa ya kusafiri. Huyo bibi mkorofi akaja na mkongojo wake, akajikalisha kwenye kiti karibu nami, akanisukumia chai yake mwenyewe. Nilikunywa, na kamasi zote.

Halafu ndiyo unapiga! "Mbona umenitafuta hivyo? Nilikuwa nimeenda kusaga." Kusaga, Mama! Simu umeiacha juu ya kitanda, Violet na mumewe stima imepotea na simu zao zimekufa chaji. Nikakuuliza mapazia yanafanya nini dirishani. Ukasema, "Nilikuwa naangalia tu kama yatatosha, nisije nikawaaibisha siku hiyo. Yametosha vizuri sana. Nimeshayakunja." Kisha ukacheka. Mimi bado niko sakafuni, na wewe unacheka. Naye Violet, stima iliporudi, akaniandikia: "Dada, nyumba ilipendeza, ndiyo nikapiga picha." Violet, nakupenda, lakini siku nyingine andika hata neno moja.

Nimekasirika mpaka sasa, na nitakuambia kwa nini. Umefanya mapazia yangu kuwa habari ya msiba. Kitu nilichoshona kwa mikono yangu, nikijidunga sindano, sasa ndicho ninachokiogopa kuliko simu ya usiku. Na kama unafikiri nitakuja siku hiyo nipokee sifa za watu wakisema "kumbe mama huyu alikuwa na vitu vizuri hivi," umekosea. Nitashika maikrofoni mbele ya mchungaji na umati wote niwaambie: alikuwa navyo miaka yote, akavificha chini ya kitanda, akanywa chai kwa plastiki. Unanijua. Nitasema.

Nisalimie senje Rasoa, umwambie dawa ya macho iko njiani. Msalimie mchungaji na umshukuru kwa kuombea kopo la sukari. Yule jirani anayekuletea kuni mwambie koti lake nimelipata, ni la zamani lakini ni sufu tupu. Wycliffe mwambie bado sijamsamehe kuhusu kabati, lakini ang'oe ile rangi taratibu, mvule hautaharibika. Mama wa ng'ambo ya mto nisalimie pia. Mkaribishe chai.

Violet, ukimaliza kusoma, panda kiti, kile kile cha Bukura, toa vitambaa kwanza, utundike mapazia akiwa anakuona. Akikataa, nipigie akiwa papo hapo, sitakata simu mpaka akubali. Na yasitolewe tena isipokuwa kufuliwa. Yakipauka kwa jua, nitatafuta mengine. Yakipata moshi, sawa. Mama, nakuomba, nimechoka kukubembeleza lakini bado nakuomba. Nataka siku moja nifungue simu, nione mapazia yangu dirishani, na nisishtuke.

Ni mimi bintiyo, mwenye hasira na mapenzi mengi,

Everlyne