Punda wa Bandarini Amekwama Dodoma

Jumatatu, 6 Julai 1914
Siku ya kumi na moja Dodoma. Nimefungua kasha, nimepaka mtambo mafuta, nimefunga. Treni imepita tena na mizigo ya wengine. Punda, boti yetu ya kuvuta meli, bado yuko kando ya reli, vipandevipande. Miaka tisa boti hii imevuta manowari za Wajerumani bandarini Dar es Salaam, leo inasubiri ekseli ya behewa. Nimechoka na mji huu wa upepo.

Jumatano, 8 Julai
Kitabu cha kazi za Punda kililowa njiani, nimepewa nikinakili. Manahodha watatu wamo. Hata paka wa nahodha wa pili yumo. Mimi niliyechochea moto miaka yote tisa, simo. Nilitamani kujichomeka. Sikuthubutu. Bwana mhandisi ameahidi mtambo ukifika salama Kigoma, nitakuwa fundi wake huko ziwani. Hilo tu ndilo linanishikilia hapa.

Ijumaa, 10 Julai
Chibago, Mgogo anayelinda makasha, ananiudhi. Leo kanisalimu kwa Kigogo, kisha kanifundisha kazi: "Mbukwa, fundi. Mafuta hayo yanaita mchanga. Pangusa, ufunge turubai."
Mtu hajaiona bahari hata siku moja! Kwetu chuma kisipopakwa mafuta huliwa na chumvi. Nimeongeza mengine, makusudi.

Jumanne, 14 Julai
Mhandisi amezungusha mhimili wa mtambo. Ukasaga kama jiwe la kusagia uwele. Mafuta yamejaa mchanga, chuma kimechubuka. Hapa hakuna chumvi. Kuna vumbi, na nimelibandika kwa mkono wangu kila asubuhi.
Mhandisi anasema Chibago aliwaacha watu wautie mchanga. Kesho atachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, mbele ya stesheni. Nilikuwa nimesimama palepale. Nikanyamaza. Najichukia.

Jumatano, 15 Julai
Nimesema. Chibago alikuwa ameshalazwa chini. Mhandisi alinitukana mpaka mate yakamkauka, kisha viboko vikahamia kwangu. Ameamuru niandike kosa kitabuni, na jina langu. Kigoma nimeikosa. Naandika haya nikiwa nimesimama.

Jumatatu, 20 Julai
Ekseli imefika. Chibago amenisaidia kufunga turubai, chuma kikiwa kikavu. Punda ameondoka saa nne asubuhi.
Kitabu nilimkabidhi mhandisi kabla ya treni kuondoka. Kazi ya miaka tisa, na jina langu limo mara moja. Nililiandika kwa mwandiko mzuri.