Mkebe wa Pili kutoka Dirishani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuacha upumue. Wasalimie shemeji na watoto mmoja mmoja, hasa yule aliyeniuliza kwenye simu kama mama mdogo maana yake ni mama mfupi. Sisi hapa miili ni mizima. Mengine nitakueleza, ila nakuomba usinikatize, maana wewe hata barua unaweza kuikatiza.

Sufu yako ipo. Nimekaa nayo siku nyingi mno, nawe umekuwa mpole kuliko desturi yako kwa kutouliza. Kila asubuhi nafungua dirisha la chumba cha rangi, natandika shuka jeupe sakafuni na kuulaza ule mkanda wa sufu aliotia rangi Mama, mrefu kuliko chumba chenyewe. Sufu ikishachemshwa hushikana, kwa hiyo naivuta kidogo kidogo mpaka iachiane na kujaa hewa. Kisha naupasua mkanda kwa urefu, vipande vinne, na kila kimoja nakiviringa kuanzia upande uleule, nikifunga kitambaa kwenye ncha ya kuanzia. Ukigeuza kimoja tu, rangi zitagombana kwenye uzi badala ya kupokezana. Unayajua hayo, wewe ndiye uliyenifundisha, na makofi juu.

Nikiwa katikati ya kazi nasahau kama nina miguu. Vumbi la sufu linaelea kwenye mwanga, rangi zinapita vidoleni bila haraka, nami sijui nimelala au niko macho. Mara nashtuka chai imepoa na wala sikumbuki nilikuwa nawaza nini.

Macho ya Mama sasa yanaona mwanga na kivuli tu, rangi hayaoni tena. Lakini rafu yake aliijua kwa mikono: mkebe wa kwanza kutoka dirishani ni buluu ya nili, wa pili kijani, wa tatu manjano, wa nne nyekundu. Alitaka uzi wa shali yako uanze na buluu nzito, upite kwenye kijani, uishie manjano. Aliniambia kwamba siku uliyoondoka hapa alfajiri, mkiwa hamsemezani, alisimama mlangoni akitazama mbingu mpaka ukapotea. Rangi za mbingu ile ndizo alizotaka kukutumia. Wewe hakuwahi kukwambia.

Alifanya kazi ile kutwa nzima huku akiimba. Sufu ilipokauka akaja jirani yetu, fundi cherehani, akaishika na kusema hajapata kuona wekundu mzuri namna ile. Mama akauliza wekundu upi. Fundi, maskini, akazidi kusifu. Mama alinawa mikono, akavua aproni, akasema, "Macho yaliondoka peke yake. Sasa yamerudi kuchukua mikono."

Huu ni mwezi wa pili hajakanyaga chumba cha rangi. Anakaa sebuleni akikunja kitambaa na kukikunjua. Nikimuuliza chumvi kiasi gani kwenye mboga, ananijibu niwaulize wanaoona.

Dada, nimeianza barua hii mara tatu kwa sababu ya hili linalofuata. Mikono ya Mama haikukosea. Siku moja kabla, mimi na kiherehere changu tulifuta vumbi kwenye ile rafu. Nilishusha mikebe yote, nikairudisha nilivyojua mwenyewe, nyekundu ikakaa ya pili. Alikuwa amenikataza nisiiguse hata ndotoni. Fundi alipotaja wekundu nilijua palepale, nikanyamaza. Nikajiambia nitasema jioni, jioni ikawa kesho, na kesho ikawa ngumu kuliko jana. Nimemwacha mama yangu aamini kuwa amekwisha, ili mimi nisigombezwe. Naona haya hata kuliandika.

Mficha uchi hazai. Barua hii sitaifunga kabla sijamsomea yote, hata mstari huu. Akinifukuza, niandalie godoro. Sufu naituma kama ilivyo: buluu inageuka zambarau, zambarau inaingia wekundu, wekundu unayeyuka kuwa manjano. Anza kusokota kwenye ncha yenye kitambaa, na usiharakishe.

Nibusie watoto, na mwambie shemeji bado ananidai salamu za mwaka jana, nazo ndizo hizi.

Ni mimi mdogo wako, ambaye Mama humwita
Kimbelembele

Nyongeza: Nimemsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniamuru nirudie pale pa rafu, nikarudia huku nalia. Halafu akaniuliza kama ule wekundu ni mzuri kweli, au fundi alikuwa anambembeleza mzee. Nikamwapia kwamba ni mzuri. Akainuka, akapapasa ukuta mpaka chumba cha rangi, akanitajisha kila mkebe na kuurudisha mahali pake kwa mkono wake.

"Bandika maji," akasema. "Nawe ukae mbali na rafu yangu."