Hakuna Pingamizi Lililopokelewa

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinuka kwenye cherehani. Wewe je? Unakula, au bado unashindia chai na makaratasi?

Nina shida. Wale wataalamu wa mafuriko wametoa ramani yao, imebandikwa ofisi ya mtaa. Mtaa wetu wote umepakwa bluu, na ikiidhinishwa hivyo tutahamishwa. Lakini vipimo vyao ni vya kabla hatujajenga tuta la kuzuia maji. Tangu tulijenge, mto umefurika mara mbili na hatukulowa hata kizingiti. Jirani yangu seremala ameshaandika pingamizi, na picha anazo. Mwisho wa kupokea mapingamizi ni tarehe thelathini Mei. Nimewaambia majirani ramani hizi zinakaguliwa kwenye idara yako. Tufanyeje?

Dada yako

12 Machi

Shikamoo dada,

Mimi sijambo, na chakula nakula, usinisute. Ramani hiyo iko mezani kwangu, mimi ndiye mkaguzi wake. Kuhusu tuta mna haki kabisa. Ila msilete pingamizi. Likiingia, faili linakwenda kwa wanasheria nami siruhusiwi tena kuligusa. Mkitulia, nitawarudisha wataalamu waje wapime upya, kimyakimya. Watu wanakusikiliza wewe, waombe wasubiri. Niamini, dada. Subira yavuta heri.

Mdogo wako

2 Aprili

Marahaba mdogo wangu,

Afya ninayo, namshukuru Mungu. Nimepita nyumba hadi nyumba, futi yangu ya kushonea shingoni utadhani daktari, na wote wamekubali kutulia. Mbishi alikuwa seremala peke yake. Alisema serikali haina undugu. Nikamjibu kwamba wewe nimekulea tangu mama alipotutoka, nimekubeba mgongoni hadi nikapinda, huwezi kunidanganya. Akacheka, akalitia pingamizi lake kabatini. Mwokaji mikate naye anauliza utaoa lini, maana ana binti. Nimemwambia ramani kwanza, harusi baadaye. Wapimaji wanakuja lini?

Dada yako

24 Mei

Mdogo wangu,

U mzima kweli? Nimeandika tena, hukujibu, na simu hupokei. Nikidhani unaumwa, silali. Wapimaji hatujawaona hata kivuli. Seremala anataka kupeleka pingamizi lake kabla muda haujaisha, na leo nimemzuia kwa mara nyingine, nimemwomba aniheshimu mimi. Nijibu neno moja tu: tupeleke au tusipeleke?

Dada yako

27 Mei

Shikamoo dada,

Siumwi, ni kazi tu. Msipeleke.

Mdogo wako

19 Juni

Hujambo. Nakusalimu kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa.

Ramani imeidhinishwa, bluu ileile. Nimekuja ofisini kwenu na seremala, tukaambiwa umesafiri. Karani wenu, mama mpole, alitufungulia faili akatusomea kwa nini ilipita upesi namna ile: “Wakazi wamearifiwa. Hakuna pingamizi lililopokelewa.” Chini yake pana sahihi yako. Akatuambia pia, bila kujua mimi ni nani, kwamba mkaguzi wa faili hilo amepandishwa cheo kwa kuwa kazi yake haikuwa na mgogoro.

Seremala alitangulia mbele. Njia nzima hakugeuka kuniangalia. Heri angenitukana.

Ungeniambia unaogopa kupoteza kazi, ningekuelewa, ningewaambia watu wapiganie nyumba zao na wewe wakuache. Lakini uliniacha nizunguke mlango kwa mlango nikiwafunga watu midomo, kisha ukaandika kwamba walinyamaza kwa hiari yao. Ulinivika kilemba cha ukoka, nami nikatembea nacho mtaa mzima nikijidai. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi fundi nguo sikukiona.

Wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao, hata ambavyo sijavikata. Hawanigombezi. Wanasema tu wamepata fundi mwingine. Unajua nilivyoumia?

Dada yako

2 Julai

Shikamoo dada,

Natumaini u mzima, ingawa najua mimi ndiye ugonjwa wako. Sina la kujitetea. Mkuu wangu alisema ramani ikipita bila pingamizi hata moja, cheo ni changu. Nikajiambia mtahamishiwa mahali pazuri, mtanishukuru baadaye. Kwangu kuna chumba, kina dirisha kubwa, cherehani yako itaenea. Njoo ukae nami. Sina mama mwingine ila wewe. Usinitupe.

Mdogo wako

20 Julai

Marahaba mdogo wangu,

Mimi ni mzima. Chumba chako sikitaki.

Seremala na wenzake wamekata rufaa. Kamati ya rufaa imewaambia pingamizi lililochelewa litasikilizwa wakithibitisha kwamba ofisa wa idara ndiye aliyewazuia. Kwa hiyo wamehitaji shahidi, na shahidi ni mimi. Walikuja jana, wakakaa, wakaniuliza kwanza habari za mgongo. Seremala akasema, “Ni mdogo wako. Ukikataa, hakuna atakayekulaumu.” Watu niliowaponza ndio wanaonihurumia! Nililia mbele yao bila haya.

Nimekubali. Jumanne nitasimama mbele ya kamati niseme nani alinituma niwanyamazishe, na jina lako nitalitaja lote. Wakiuliza tunahusianaje, nitawaambia nimekulea. Sikufichi, kwa sababu kufichwa najua kunavyouma.

Kazi utafukuzwa. Ukifukuzwa, rudi nyumbani, kama bado tutakuwa na nyumba.

Dada yako