Mikono ya Nkambo Stanislas

Yaya Laurentine,

Salamu toka Katuba. Mama iko muzima, mahindi ya Kasungami tulisha kuvuna, na courant ya umeme inakatika kila mangaribi.

Habari ya mutoto wako ilitufurahisha. Unaomba apewe jina la nkambo Stanislas, babu yetu, vile tunafanyaka mu jamaa yetu. Lakini ulituandikia pia kwamba nkambo mwanamuke wa bwana yako aliunguzwa na bomu ya Hiroshima akiwa mutoto. Na nkambo yetu alichimba mawe ya uranium kule Shinkolobwe, ile Bamerikani balitumia kwa kutengeneza ile bomu. Wakati alikuwa anachimba, hakuna muntu alimuambia ile mawe ni ya kazi gani. Kisha vita kuisha, siku alijua, aliacha kubeba batoto bachanga. Hata weye ulipozaliwa, alificha mikono nyuma, akakuangalia tu.

Mama alisoma tena barua yako. Leo asubuhi akasema: "Ule nkambo wa bwana yake, Laurentine amuelezee yote, asifiche kitu. Halafu amupe mutoto. Akinyoosha mikono kumupokea, mutoto aitwe Stanislas. Akikataa, tutatafuta jina ingine, na hakuna muntu atamulaumu."

Tunangoja, yaya. Utuandikie mikono yake ilifanya nini.

Mudogo wako,
Chance