Bwawa Limejaa na Mama Anakuuliza

Baba Salma wangu,

Leo nimekwenda bwawani peke yangu. Nimepanda basi kutoka Ilford na chupa ya chai na mkate wa kumimina, nikakaa kwenye benchi letu pale Walthamstow, na sikuona kitu. Mvua imenyesha mfululizo, maji yamejaa pomoni. Hakuna hata kiganja cha tope cha ndege kutua.

Ungenuna. Kila majani yakianza kupukutika na mvua ikanyesha, ulikuwa ukinuna. London nzima inaomba jua lisiondoke kwa raha zake, wewe waomba bwawa likauke! Nilikucheka sana kwa hilo. Lakini maji yakishuka na tope likatokeza kando, kitwitwi walikuja makundi kwa makundi kudonoa kabla ya safari yao ya kusini, nawe ukasahau baridi, ukasahau goti lako, ukanisahau na mimi. Wazungu walikuja na darubini kubwa kama mizinga. Wewe ulikuwa na macho yako tu, na simu mkononi, umempigia mama yako kule Pemba.

"Mama, wameshafika huku," ulimwambia. "Jitayarishe kuwapokea."

Naye alicheka mpaka nikamsikia pale nilipokaa. Tangu ukimbie Pemba hukurudi, kwanza kwa hofu, halafu kwa maradhi. Ndege hao ndio waliokuwa wakienda kwa niaba yako.

Mama hajui kuwa umekufa. Kaka yako Hamadi ndiye aliyekataa aambiwe, alisema moyo wake hautahimili, nasi tukakubali kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubisha. Hitma yako kule Pemba waliisomea nyumba ya jirani. Mama akaletewa sahani ya wali, akauliza ni hitma ya nani. Akaambiwa ni ya mtu mmoja aliyefia ugenini. Akainua mikono, akamwombea dua, akala. Hamadi aliponihadithia hayo alishindwa kumaliza.

Mie eda nimekaa, nimetoka, na kila Ijumaa namwambia mama kuwa uko kazini. Kazi gani hiyo isiyokwisha, Baba Salma? Binti yako hataki tena kukaa chumbani nikipiga simu. Ananiambia kwa Kiingereza chake kwamba bibi anadanganywa.

Leo simu ililia nikiwa palepale bwawani. Mama aliuliza kama kitwitwi wameshafika, maana mwaka huu hukumwambia. Nikasema maji yamejaa, hawana pa kutua.

"Mwanangu," akasema, "kama ana kazi, asiseme kitu. Akohoe tu, nimsikie."

Nikaikata simu, nikalia mbele za watu.

Nimeshamwambia Hamadi kuwa nakwenda Pemba mwenyewe, nikakae na mama mkekani nimwambie. Ni haki yake, na tiketi nimekwisha kata. Lakini naogopa, mume wangu. Mimi nilikuzika. Salma alikuzika. Hamadi alikulilia. Duniani amebaki mtu mmoja tu ambaye kwake bado u mzima, umechelewa tu kutoka kazini, nami ndiye ninayekwenda kumnyang'anya.

Nakuombea nuru huko uliko.

Mkeo,
Mama Salma