Nimezichoma Sahihi za Bosi

Jumapili, Kibiti. Mawingu tangu alfajiri. Mvua inatishia, inaghairi, inatishia tena, na mimi roho iko juu juu vilevile.

Naandika kwa mkono kama kawaida. Nikipata safari ya Dar nitayachapa kwenye kompyuta za kukodi na kuyaweka hapa, kwa hiyo mtakapoyasoma haya, la kuwa litakuwa limeshakuwa. Jina langu halisi hamlijui na tuliache hivyohivyo. Yatosha kusema mimi ni ofisa mdogo wa uhamiaji, kwenye ofisi ya vyumba viwili kando ya barabara kuu, na tangu Jumanne ofisi hiyo nimeachiwa peke yangu.

Naogopa. Niliandike hilo kwanza, mengine yafuate.

Bosi ameenda kwao Singida kumuuguza mama yake. Alinikabidhi ofisi stendi, mguu mmoja uko ndani ya basi. Utaratibu unataka barua ya kukaimu: ofisi ya mkoa ipate nakala, polisi wapate nakala, nami nijue nimeruhusiwa nini na nimekatazwa nini. Nilimkumbusha. Akacheka, akasema barua zinaleta maneno, mkoani wakisikia hayupo watamleta mtu mwingine akalie kiti chake. Akanipa funguo, muhuri na bahasha ya kaki. "Ofisi ni yako," akasema, na basi likaondoka.

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi tupu zenye sahihi yake.

Msishangae sana. Bosi akisafiri ndivyo afanyavyo, na sidhani kama yuko peke yake katika nchi hii. Mimi hujaza barua za kawaida: mwanafunzi anayetaka kutambulishwa, mfanyabiashara wa ufuta anayekwenda Msumbiji kutafuta soko, mambo ya namna hiyo. Shida ni kwamba husaini kwa haraka, karatasi hii katikati, ile chini kabisa, hivyo barua lazima uipimie. Nimekuwa fundi. Naweza kurefusha salamu au kubana maelezo mpaka "Wako katika ujenzi wa taifa" iangukie sawasawa juu ya jina lake. Nilikuwa najisifu kwa hilo, na wiki iliyopita bado nilikuwa naliona ni jambo la kuchekesha.

Sasa niseme habari ya Issa.

Issa ni mkulima wa Umwe, rika la baba yangu mdogo. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akaletwa huku mgongoni mwa mama yake wakati wa vita vya Mreno. Kindengereko anakiongea kuliko mimi niliyezaliwa hapo Ikwiriri. Ameoa huku, amezika huku, mpunga wake uko bondeni na ufuta wake uko juu. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye ni raia wa wapi mpaka mwezi huu.

Mwezi huu lilishuka agizo la kuwabaini wageni wasio na vibali. Mkoa ulituagiza sisi, bosi akawaagiza watendaji wa kata, wa kata wakawaagiza wa vijiji, na wa vijiji wakawaangukia wenyeviti wa vitongoji, ambao hawana tena wa kumwagiza. Kila mmoja alipewa agizo la kuleta majina. Hakuna aliyeambiwa mgeni anatambuliwaje.

Mwenyekiti wa kitongoji cha akina Issa nilimhoji mwenyewe Ijumaa. Ni mzee wa watu, shamba lake limepakana na la Issa na hawajawahi kugombana. "Mwanangu, niliambiwa nipeleke jina," akaniambia. "Ningerudi mikono mitupu wangesema nawaficha watu. Nikampeleka Issa kwa kuwa ni mpole, nikajua mtamuuliza maneno mawili matatu kisha mtamrudisha."

Alisema hivyo bila aibu, maana kwa hesabu yake alikuwa amechagua yule ambaye asingedhurika.

Na nikiwa nimeanza kusema ukweli niumalize. Huko delta, kwenye makambi ya wanunuzi wa kambamiti, kuna wageni ambao vibali vyao vimekwisha na kila mtu anajua. Niliwahi kumuuliza bosi kwa nini hatuendi. Akanijibu kwamba wawekezaji faili zao ziko juu, sisi hatuna mamlaka nao. Siku hizi za soko huria nimejifunza kwamba mamlaka yetu yanaishia pale ambapo mtu anaweza kumpigia simu mkubwa. Issa hana simu.

Alhamisi polisi wakamweka mahabusu. Ijumaa asubuhi mkoani wakapiga simu polisi: gari litakuja Jumatatu kuwachukua waliobainika. Akishapanda gari lile, kumrudisha Umwe itakuwa kazi ya wakubwa ambao Umwe yenyewe hawajui iko wapi.

Nilikwenda kumwona kabla ya sala ya Ijumaa. Alikuwa ameomba maji ya kutawadha na ameletewa kwenye kopo la rangi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hebu niambie, nani kanifunga?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua aende kwa nani kueleza shida yake.

Nikatafuta jina la kumpa. Polisi wanasema wanatushikia sisi. Sisi ni bosi, na bosi anasema ni agizo la mkoa. Mkoa unasema majina yametoka vijijini. Vijijini wanasema waliambiwa. Mtu mzima amekaa sakafuni nyuma ya nondo na ukimtafuta aliyemweka pale humpati. Nikamwambia, "Mjomba, ngoja nifuatilie," maneno ambayo sisi watu wa ofisini huyasema tukitaka kutoka chumbani.

Nilipanda kichuguu kilicho nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, ndipo mtandao unaposhika, nikampigia bosi. Nikamweleza yote. Nikaomba ruhusa ya kumtoa Issa kwa dhamana ya wazee mpaka Jumatatu, apate kuwaleta waliompokea mama yake zamani zile, watoe maelezo mbele ya ofisa wa mkoa. Bosi akakohoa.

"Tumia busara," akasema.

"Kwa hiyo nimtoe, Bosi?"

"Nimesema tumia busara, dada. Ofisi si nimekuachia?"

Simu ikakatika, au aliikata.

Tumia busara. Tangu nianze kazi nimeyasikia maneno hayo, na kila mara yana maana ileile: fanya, likiharibika ni lako.

Nikarudi ofisini, nikatoa karatasi moja kwenye bahasha, nikaiingiza kwenye taipu. Ilikuwa moja ya zile za sahihi ya chini kabisa, nafasi tele. Nikaandika amri ya kumwachia Issa, nikaweka na masharti, na "ujenzi wa taifa" ikaangukia mahali pake. Barua ilitoka nzuri. Polisi wangeipokea bila swali, Issa angekwenda zake, na mimi nisingekuwemo ndani yake hata kidogo.

Niliishika mkononi muda mrefu. Nilikuwa namfikiria Issa akiulizwa siku moja, na nani alikufungua? Atakuwa amefungwa na asiyejulikana na kufunguliwa na mtu aliyekuwa Singida. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Nikaichana.

Nikachukua karatasi nyingine, safi, isiyo na jina la mtu. Nikaandika upya. Chini nikaweka jina langu, cheo changu kidogo, na juu yake neno "Kaimu". Sahihi yangu haikufanana na yangu.

Mkuu wa kituo cha polisi aliisoma, akairudia.

"Una mamlaka haya, dada?"

"Ninayo."

"Haya. Nikiulizwa nitasema ulisema unayo." Akaagiza afunguliwe.

Issa alitoka kabla ya alasiri. Sharti lake ni moja: Jumatatu asubuhi aripoti ofisini kwetu, yeye na wazee wake na mama yake. Alinishukuru kwa heshima kubwa, na mimi nikatembea kurudi nyumbani.

Jana, nikiwa nimepanda tena kichuguuni, bosi akapiga mwenyewe. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Ulitumia karatasi zangu?"

"Hapana, Bosi."

"Jina lililopo pale ni la nani?"

"Langu."

Nikamsikia akishusha pumzi, kama mtu aliyetua gunia. Hakuuliza mtu mwenyewe anaitwa nani, wala amekosa nini. "Umefanya vizuri," akasema. "Zile zilizobaki zichome."

Nimezichoma leo asubuhi kwenye jiko la mkaa, chini ya sufuria ya uji. Mimi ni mtu wa kutii. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nilivyofunzwa kazini, ukiambiwa na mkubwa unatenda kwanza halafu ndipo unafikiri. Uji ulikuwa haujachemka nilipoelewa nimefanya nini.

Zile karatasi ndizo zilizokuwa ushahidi wangu pekee kwamba ofisi niliachiwa.

Barua ya kukaimu haipo. Maneno ya stendi hakuna aliyeyasikia, honi zilikuwa zinalia. Kesho ofisa wa mkoa akiniuliza nani alinipa madaraka ya kumtoa mtu mahabusu, nitamwonyesha nini? Muhuri? Muhuri hata mwizi anaweza kuwa nao. Akimpigia bosi, bosi atasema alikwenda kumwona mgonjwa akaacha ofisi imefungwa. Simchukii. Ana watoto wanaosoma, naye ana mkubwa wake anayemwambia atumie busara. Lakini nimeingia mkenge, na nimeuingia kwa miguu yangu mwenyewe huku nikikoroga uji.

Nilidhani hilo ndilo kubwa la leo. Kumbe bado.

Mchana, nikiwa nafua sare uani, nikasikia hodi. Ni mke wa Issa amemshika mkono mama mkwe wake. Wamefikia kwa ndugu zao hapa Kibiti, wametangulia ili kesho wasichelewe. Issa na wazee watafuata na gari la alfajiri. Yule bibi macho yamepungua, anamtambua mtu kwa kumgusa. Akaushika mkono wangu na povu lake, akaupapasa.

"Ndiye wewe uliyemtoa mwanangu?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Mungu akuweke." Vidole vyake vikabaki juu ya vyangu. "Sasa kesho tuje, au?"

Aliuliza hivyo, akaishia kwenye "au", na mkwewe akatazama chini. Sote watatu tulijua anauliza nini. Mto uko pale, na mitumbwi ipo. Kule chini kwenye mikoko kuna visiwa ambavyo hata watendaji wa kata huvisikia tu. Neno moja langu lingetosha, wala nisingehitaji muhuri.

Wasipokuja, Issa yuko salama na mimi nimekwisha: nimemtoa mtu bila madaraka na mtu ametoroka. Wakija, gari la mkoa linaweza kumbeba mbele ya macho yangu, na sahihi yangu ikabaki mezani haina kazi zaidi ya kufungia karanga.

Nikafungua kinywa. Wallahi nilidhani nitasema msije.

"Mje mapema, bibi," nikasema. "Mje na wazee wote."

Akaridhika. Akaniombea dua ndefu, nami nimesimama tu na povu linanikaukia mikononi, kisha wakaenda zao polepole.

Sare haikukauka vizuri kwa mawingu haya. Nimeipiga pasi hivyohivyo na inanuka moshi. Nimeshapanga: nitafungua ofisi kabla gari halijafika, wazee nitawakalisha kwenye benchi, Issa atakaa karibu yangu. Bibi atasema alivyomvusha mwanawe na waliompokea watasema walivyompokea, na mimi nitaandika neno kwa neno. Wakitaka kumchukua baada ya hapo, atakayeamuru aandike amri hiyo na jina lake. Sitakubali kuambiwa kwa mdomo. Sijui nitaupata wapi ujasiri huo mbele ya mtu mwenye nyota begani, lakini nimeuandika hapa ili nisiukane.

Ila kuna swali linanirudia tangu mchana. Yale maneno, mje mapema, niliyasema kwa ajili ya Issa, au kwa ajili ya kazi yangu?

Yule bibi ameondoka akiamini ni kwa ajili ya mwanawe. Ningependa na mimi niamini.